Bega Langu Lilivyoganda

Akina mama mlioniomba niseme, nitasema yaliyonipata bila kuongeza chumvi. Naitwa Mama Elia. Nauza vitenge Kariakoo, upande wa Msimbazi, huu mwaka wa ishirini na mbili. Kabla ya ugonjwa sikujua kama nina bega. Majora ya vitenge yamepangwa hadi karibu na dari, nami nilinyoosha mkono, nikashusha, nikamfungulia mteja, nikarudisha. Ndivyo siku ilivyokwenda.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili nilivuta jora la juu kwa mkono wa kushoto. Likaniponyoka, nikalidaka likiwa hewani. Kitu kikachoma ndani ya bega. Nikamaliza kuuza, nikafunga duka.

Baada ya wiki maumivu yalishuka hadi kwenye kiwiko. Nikadhani ugonjwa uko huko, nikawa nachua kiwiko cha watu kisicho na kosa. Ubavu wa kushoto haukulalika. Jirani yangu wa duka la pili, Bi Zuhura, mtu wa Lindi, akanitundikia mkono kwenye kanga shingoni. "Mkono unaouma haupewi kazi, dada," akasema. Tangu hapo yeye ndiye aliyenishushia majora. Nyumbani Upendo, mke wa mwanangu Elia, akachukua yaliyobaki: kunichana, kunifunga kilemba, hata sidiria. Nilikaa kama bibi harusi kwa miezi miwili.

Nilipoutoa mkono kwenye kanga, haukupanda. Uliishia usawa wa kifua, na nyuma haukufika kabisa. Chooni nikawa najisafisha kwa mkono wa kulia, ule ule ninaolia chakula, na hilo lilinidhalilisha kuliko maumivu yenyewe. Elia akaniambia kwa upole kwamba mkataba wa fremu ya duka unaisha Desemba, bora niiachie nipumzike. Duka lile ndilo lililomsomesha. Nikamwambia nitampa jibu mkataba ukikaribia kuisha, lakini niliogopa sana.

Nikaenda hospitali. Picha haikuonyesha mfupa uliovunjika wala uliochomoka. Wakanipima sukari, maana bega la namna hii huwapata sana wenye sukari, haikuwepo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa rika la Elia, aliniamkia, kisha akanieleza kwa kutumia ngumi yake na kiganja: kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, kimekaa kwenye kisahani kidogo, na kuzunguka pote kuna mfuko mwembamba. Mfuko wangu ulikuwa umevimba, ukanenepa, ukakaza.

"Mama, hicho kilemba umefunga mwenyewe?"

"Mkwe wangu."

"Dukani nani anakushushia mizigo?"

"Jirani."

"Na kuvaa?"

"Mkwe huyo huyo."

"Maumivu yalianza na lile jora," akasema. "Lakini kuufunga mkono na kufanyiwa kila kitu kumezidisha. Kuanzia leo, unachoweza kujaribu, jaribu mwenyewe."

Mazoezi yalikuwa haya. Nainama, naegemea meza kwa mkono wa kulia, wa kushoto unaning'inia, nauzungusha taratibu. Kisha nasimama mbele ya ukuta, natambaza vidole kwenda juu hadi ninaposhindwa, naweka alama kwa chaki ya fundi cherehani. Wiki tatu za mwanzo alama ilikaa pale pale. Nililia, na sioni haya kulisema.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa Upendo. Alikuja asubuhi kunifunga kilemba, nikamwambia aache. Kwetu mkwe ukiikataa huduma yake anajua amekosa. Siku mbili hakula vizuri. Ya tatu akapiga magoti. "Mama, kama nimekukosea niambie. Usiniadhibu kimya kimya." Nikamwinua, nikampeleka ukutani, nikamwonyesha alama na kumweleza maneno ya mtaalamu. Tangu siku hiyo alikaa pembeni akinitazama, mikono ameikalia, asije akajisahau akanisaidia.

Desemba Elia alikuja dukani na Upendo, achukue jibu langu alipeleke kwa mwenye fremu. Mteja akaomba kitenge cha rafu ya juu. Nikanyoosha mkono wa kushoto. Ulipanda polepole, ukasimama, ukapanda tena. Elia akainuka. Upendo akamshika shati. "Mwache Mama," akasema. Jora likashuka, jasho likinitiririka mgongoni. Nikamwambia Elia aende akamwambie mwenye fremu kwamba tunaendelea.

Mkono bado haufiki juu mgongoni, lakini kilemba hiki nimefunga mwenyewe, na chooni natumia tena mkono wa kushoto. Bi Zuhura simlaumu; alinitendea kama ambavyo ningemtendea. Nawaomba tu: bega likiuma zaidi ya wiki mbili, kapimwe kabla hujautundika mkono kwenye kanga. Ukipewa mazoezi, yafanye hata siku ambazo hayaonyeshi kitu. Namshukuru Mungu, nawashukuru walionitibu. Na namshukuru mkwe wangu Upendo, kwa sababu aliweza kukaa akanitazama nikihangaika na vifungo vya gauni, asinyanyuke.