Picha Mbili, Dirisha Moja

Ukungu haujainuka juu ya mto, na Tak Mi-ran tayari anazima taa za ukumbi wa wazee katika kijiji kimoja cha Gokseong, kusini mwa Korea. Anatundika kitambaa cheusi ukutani, anatandika shuka jeupe sakafuni, kisha anaweka kigoda kando ya dirisha.

"Huyu ametuzimia taa, sasa atatupigaje picha?" anauliza bibi mmoja kati ya wanaomenya pembeni vitunguu saumu vya kuungia kabichi ya akiba ya msimu wa baridi.

"Taa ya juu inachimba mashimo machoni, bibi," anajibu Mi-ran. "Dirisha lina huruma. Na shuka linarudisha mwanga chini ya kidevu, makunyanzi yanalainika."

Mi-ran, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, huzunguka vijijini akipiga picha ambazo wazee hujiwekea mapema, kwa ajili ya mazishi yao na meza ya matambiko. Huku hakuna anayeona ni uchuro. Kamera aliinunua ikiwa imeshatumika. Lenzi anayo moja, ya milimita themanini na tano, inayomlazimu asimame mbali, maana ukimsogelea mtu sana pua yake inavimba pichani. Malipo yanatosha mafuta ya gari na kidogo cha kuweka, na mara nyingi anarudi nyumbani na figili kwenye buti la gari.

Leo kazi imekwama kwa Bibi Eum Bok-nyeo, wa miaka themanini na sita. Amekaa kigodani na vazi lake la hariri, amekumbatia picha ya mumewe, aliyefia mgodini akiwa na miaka ishirini na tisa. Siku za matambiko picha zao zitasimama mezani bega kwa bega.

"Nipunguzie miaka, mwanangu," anasema. "Hamsini hivi. Huyu kijana akiniona nilivyo, si atanipa shikamoo?"

Wenzake wanaangua kicheko. Yeye hacheki, macho yanamlengalenga machozi.

"Kompyuta inaweza, bibi," anasema Mi-ran. "Niliwahi kumfanyia mama mmoja. Wajukuu wakaja kuuliza huyu ni nani. Wako nao, siku za matambiko, watakuwa wanamwinamia mgeni."

"Kwa hiyo mimi ndiye niende kwa mume wangu kama mgeni?"

Mi-ran anaiomba ile picha na kuikodolea macho. Katika kila jicho la yule kijana mna doa dogo jeupe, juu, upande wa kushoto wake. Hilo ndilo dirisha la studio siku ile. Kivuli cha pua nacho kinaonyesha mwanga ulishuka kutoka juu.

Basi anahamisha kigoda na kitambaa hadi dirisha liwe kushoto kwa bibi. Nusu ya chini ya dirisha anaiziba kwa blanketi. Jirani, mama Chil-seong, anapewa picha ya marehemu aishike kando ya kamera.

"Mimi nimekuwa msumari wa ukutani leo," analalamika.

Mi-ran analenga jicho la bibi lililo karibu zaidi. Hamwambii atabasamu. "Mwite," anasema.

"Kwa jina? Sijawahi. Nilikuwa namwambia tu, 'sikia'."

"Mwambie hivyo hivyo."

Bibi Bok-nyeo anamtazama mumewe. "Sikia," anasema taratibu. "Wali unapoa."

Kamera inalia mara moja.

Mi-ran anaziweka picha mbili pamoja, ile ya karatasi na iliyo kwenye kioo cha kamera. Makunyanzi yote yapo. Lakini mwanga umewaangukia paji lile lile, shavu lile lile, na vitunguu vimesahauliwa pembeni.

"Tuko chumba kimoja," anasema bibi. "Basi akinipa shikamoo, nitaitikia."

Akikunja shuka lake, Mi-ran anasema ana jambo moja analoliomba katika kazi hii. "Wengine nikirudi na picha, napokewa na watoto wao, wamevaa nguo za msiba. Hii nataka niikabidhi mkononi mwa bibi mwenyewe." Anaahidi kuileta kabla ya baridi kuanza, ikiwa na fremu yake.

Bibi Bok-nyeo tayari amerudi kwenye vitunguu.

"Usikimbilie, mwanangu," anasema. "Amenisubiri miaka yote hii. Angoje kwanza nitie kabichi chumvi."