Maharage Kwenye Uwanja wa Kriketi

Nina hasira za karibu na sijawahi kuzificha, kwa hiyo naanza na kosa langu mwenyewe. Siku moja nilikanyaga maharage ya mtu kwa makusudi.

Ilikuwa pembeni mwa mji wa Lushoto, kwenye uwanja ambao kila mtu anauita Kriketi. Nilipokuwa mdogo nilidhani Kriketi ni Mzungu fulani aliyezikwa pale. Kumbe ni mchezo wa walowezi wa Kiingereza, waliokuwa wakiucheza enzi za ukoloni wamevaa nguo nyeupe pe, kwenye ukungu wetu huu. Walipoondoka, vijana wakasimika magoli, na uwanja ukawa wa mpira, wa mikutano ya siasa na wa swala ya Idi. Cha kriketi kilibaki kitu kimoja tu, kule ukingoni chini ya mikaratusi: sakafu ya saruji, nyembamba, yenye urefu wa hatua ishirini na mbili. Hapo ndipo mpira wa kriketi unaporushwa na kupigwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipelekwa Tanga kwenye mafunzo ya siku chache ya mchezo huo, nikarudi na magongo mawili ya ubao na furaha kubwa kuliko akili. Nikawachukua wasichana, maana wavulana walikuwa na uwanja mzima na hata kona hawakuwaachia wenzao. Kwenye ile saruji mpira unadunda sawasawa. Kwenye udongo wetu wa kokoto unaruka tu unakung'oa meno. Bila sakafu ile sina timu, nina watoto waliosimama na magongo.

Tatizo langu lilikuwa bibi mmoja, jirani wa uwanja. Jua la Lushoto ni la kubahatisha, na saruji inashika joto. Basi kila msimu bibi yule alimwaga maharage yake pale, akayatandaza kutoka mwanzo wa sakafu hadi mwisho, ingawa uani kwake turubai analo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu."

"Bibi, watoto wanataka kucheza."

"Na wacheze. Uwanja si huo?"

Anayageuza maharage kwa kiganja, polepole, wala hanitazami. Jamani, yule bibi alinitoa roho! Siku tuliyopata wageni, timu ya wasichana kutoka Soni, nikakuta maharage yametanda kama kawaida. Wageni wamesimama wanatutazama. Nikapandwa na mori. Nikapita juu ya yale maharage na viatu vyangu, nikisikia yanavyopasuka, mpaka mwisho.

Wasichana wangu waliziba midomo. Huku kwetu chakula hakikanyagwi, mtoto akiruka tu ungo wenye mahindi anapata kofi. Bibi hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kuokota, moja moja, akaniambia, "Na wewe nawe una viatu." Sikuelewa, na sikujali kuelewa. Mechi tuliicheza, tukafungwa vibaya.

Miaka miwili baadaye zikaja habari za kuukarabati uwanja. Kungekuwa na jukwaa, uzio, maduka na nyasi mpya. Tukaitwa mkutanoni, ramani ikabandikwa ukutani, watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kisha nikasogea kuitafuta saruji yangu. Haikuwepo.

"Hapo ni maegesho ya magari, mama," injinia alinijibu. Kijana mpole, mgeni huku kwetu.

Niliandika barua tatu. Nikajibiwa kwamba zimepokelewa. Halafu nikasikia katapila linakuja Jumatatu. Nilikaa jikoni nikalia, machozi ya hasira tupu, mpaka nikakumbuka kwamba katika mji mzima yupo mtu mwingine mmoja tu anayeihitaji sakafu ile. Loo, kichwa kiliniuma! Lakini nilichukua kilo ya sukari nikaenda kubisha hodi.

Nilimwamkia nikapiga magoti, kama alivyopiga yeye siku ile. Nikamwambia nilimkosea, na sina kisingizio. Akaanza kunisimulia kwa Kishambaa.

Baba yake alikuwa mmoja wa waliobeba mchanga kichwani kutoka mtoni ili sakafu ile ijengwe. Ilipokauka akapewa kazi ya kuifagia, peku, kwa sababu mfanyakazi hakuruhusiwa kuikanyaga na viatu. Siku moja mvua ilimkuta na katambuga zake za tairi miguuni, akaikatiza mbio. Wale walowezi walimchapa viboko palepale, mbele ya binti yake aliyekuwa amemletea chakula cha mchana.

"Walipoondoka nikasema, pale nitaweka chakula changu," bibi alimalizia. "Nione nani atanitoa. Ukaja wewe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamweleza habari za katapila. Akauliza swali moja tu, linafika saa ngapi.

Jumatatu saa moja asubuhi nilimkuta ameshafika, na wanawake wanane, kila mmoja na gunia lake. Waliitandazia saruji yote maharage, hapakubaki pa kuweka kidole. Dereva wa katapila, mtu wa Mlola, alisogea, akatazama, akazima injini.

"Unangoja nini?" injinia akamuuliza.

"Mimi sikanyagi maharage, bosi. Mama yangu akisikia nitamwambia nini? Panda uendeshe wewe."

Injinia hakupanda. Nilimshika mkono nikampeleka upande wa pili, kwenye vyoo vya zamani vilivyobomoka. Mahali pale nilikuwa nimeshapapima kwa hatua zangu mara nne. Magari yangeenea na nafasi ikabaki. Alisema ramani imeshapitishwa. Nikamwambia nasi tumeshaanika. Tulikaa siku tatu, tukipokezana kugeuza maharage, na siku ya nne alirudi na ramani na penseli, akayahamishia maegesho kule kwenye vyoo.

Siku ya kufungua uwanja, wasichana wangu ndio walikuwa wa kwanza kucheza. Nilimwomba bibi arushe mpira wa kwanza, akakataa katakata. Alikaa chini ya mkaratusi, akafungua mfuko wa plastiki, akatoa viatu vyeusi vipya, bado vina karatasi ndani. Akavivaa. Nilitaka kumshika mkono, akanipiga kofi dogo nimwachie.

Akaipita sakafu ile kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, visigino vikilia juu ya saruji. Mgeni rasmi akatazama saa. Injinia akanitazama mimi. Bibi alipofika mwisho akageuka, akarudi tena.

Mchezo ulichelewa, na siku hiyo sikumharakisha mtu.