Yaw Yupi Aliyekula Mbono?

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Serwaa Ampofo anahesabu vichwa vya watoto. Anapata sitini na kimoja. Anarudia, anapata sitini na kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu kundi liingie anavuta pumzi ndefu. Hajaimaliza, msichana mmoja anamvuta sketi.

"Anti, Yaw amekula mbegu."

"Mbegu gani?"

Ofosua, mwenye miaka saba, ni mtu wa maneno machache. Ananyoosha kidole kwenye uzio. Uzio wa Bustani ya Mimea ya Abetema ni wa mbono kaburi, mmea ambao waliouita hivyo hawakuwa wakitania. Chini yake maganda yametapakaa.

"Yaw yupi?"

"Sijamuona. Nimesikia tu wanasema, 'Yaw, meza! Yaw, meza!'"

Waliosema hivyo wamegeuka ghafla kuwa watoto wapole wasiojua lolote. Serwaa anaita jina. Wanasimama Yaw watatu.

Katika milima hii, mvulana aliyezaliwa Alhamisi ni Yaw, apende asipende. Na katika darasa hili, Alhamisi ilikuwa na shughuli nyingi.

Serwaa ana miaka ishirini na miwili. Anasoma elimu ya mimea chuoni, na huu ni mwezi wake wa tatu, wa mwisho, wa mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha watoto. Hana mshahara. Anapewa kenke, donge la unga wa mahindi, na samaki mchana, samaki ambaye ukubwa wake haujawahi kumtisha mtu. Anafundisha vikundi vinne kwa wiki, na msimamizi wake, Mzee Larbi, ndiye atakayeandika kama anafaa kuachiwa watoto.

Mzee Larbi anafika akihema.

"Nani aliwaacha karibu na uzio?"

"Mimi, Mzee."

"Basi mtafute. Basi la shule limekwenda kujaza mafuta. Zahanati ni kilomita tisa, na nyuma ya pikipiki yangu anakaa mmoja."

Sumu ya mbono haina haraka. Mtoto anaweza kucheza saa nzima, kisha akaanguka. Serwaa anajua hivyo.

"Nani amekula?"

Yaw watatu wanatikisa vichwa kwa pamoja, kama kwaya iliyofanya mazoezi. Yaw Obiri anatazama viatu vyake. Yaw Sakyi analia na kushika tumbo. Yaw Mireku anatazama ndege.

"Ni huyu," anasema Mzee Larbi, akimshika Sakyi bega. "Si unaona tumbo?"

"Nimebanwa na mkojo, Babu," anasema Sakyi.

Serwaa anachuchumaa. "Sikilizeni. Sina hasira. Aliyekula anapata soda."

Mikono mitatu inapaa kwa kasi ambayo somo la hesabu halijawahi kuiona.

"Umeharibu, binti," Mzee Larbi ananong'ona. "Sasa wote wamekula."

Zimepita dakika kumi na mbili. Serwaa anamsogelea kila mmoja na kumtegea sikio, mwenzake asisikie.

"Zilikuwa na ladha gani?"

"Chungu! Kama dawa ya malaria," anasema Sakyi.

"Chungu sana, nikatema," anasema Obiri.

Mireku anafikiri. "Tamu. Kama karanga."

Serwaa anasimama. "Huyu hapa. Mzee, washa!"

"Una hakika?"

"Anayebahatisha husema chungu. Mbono ni tamu, ndiyo ubaya wake. Yaw, ulikula ngapi?"

Mireku anaonyesha vidole vinne, anafikiri, anaongeza cha tano.

Anaanza kutapika dakika arobaini baadaye. Wakati huo amelala kwenye kitanda cha zahanati, dripu mkononi, tabibu pembeni.

"Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumwambia mama yake," anasimulia Serwaa baadaye. "Nikafika kwenye 'Mama, shikamoo', nikakwama."

Jioni Mzee Larbi anarudi na taarifa yake. "Nimeandika kwamba uliwaacha karibu na uzio," anamwambia. "Ni kweli. Nimeandika na kilichofuata. Hicho nacho ni kweli."

Serwaa anataka kuajiriwa hapa na kuung'oa uzio huo kwa mikono yake. Kibali cha kung'oa bado kinatembea ofisini, na kinatembea polepole. Ombi lake jingine limekubaliwa: kila mtoto anayeingia achague jina la mmea, alitumie mpaka jioni.

Jumamosi iliyofuata Mireku anarudi na mama yake, amekonda kidogo, mdomo ni uleule. Serwaa anampa kadi achague: Mnanasi, Mkakao, Mkorosho. Anazikataa zote.

"Nataka Mbono."

"Yaw!" mama yake anamkaripia.

Wavulana wanne wanageuka.

Serwaa anachukua kadi tupu, anaandika, anambandika kifuani. Kisha anaanza kuita majina, mpaka anafika kwake.

"Mbono!"

"Nipo, Anti!"

Anaitika mmoja tu.