Maili za Njeri na neno alilolimeza

Njeri hakuwa mkimbiaji, asikudanganye mtu. Hadi anatimiza miaka hamsini na mmoja, mbio zake zote zilikuwa za kuwahi basi, na hizo pia mara nyingi zilimshinda. Kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao huku Barking, Landani, kazi ya mgongo, si ya mapafu. Basi alipotangaza kanisani kwamba Aprili angekimbia marathoni kuwachangia wagonjwa wa saratani ya damu, akina mama walivunjika mbavu kwa kicheko. "Kuolewa kwa Wakalenjin, wale mabingwa wa mbio, kumemwingia kichwani, anadhani mbio zinaambukiza!" Naye akacheka pamoja nao. Afadhali wacheke kuliko waulize.

Maana Titus, mume wake, ndiye aliyefariki kwa ugonjwa huo, mwaka juzi mwezi wa Novemba.

Kila Jumamosi asubuhi alizunguka bustani ya Barking, malengelenge miguuni, akihema. Akifika maili ya tano hivi machozi yalianza yenyewe. Wapita njia walimpisha tu. Mji huu mtu akilia barabarani wanadhani ni upepo.

Tena hakulilia kifo peke yake. Kifo kina mwenyewe. Alililia siku moja ya mwezi Machi, ndani ya chumba cha daktari, yeye na Titus wamekaa bega kwa bega. Daktari alieleza kwamba huenda uboho wa mifupa ya mtu mwingine ungemwokoa, na wa kwanza kupimwa ni ndugu wa tumbo moja. Akamwuliza Titus kama anaye.

"Sina," Titus akajibu.

Hana? Na Kibet je? Kibet, mdogo wake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Eldoret, mtu mwenye afya ya ng'ombe! Njeri aligeuka akamtazama mumewe, na Titus akamkazia macho. Alimwelewa. Baba yao alipokufa, Titus ndiye aliyemlea Kibet, akamsomesha, akamlipia mahari. Kwa Titus, mzaliwa wa kwanza hutoa. Hapokei, sembuse apokee uboho wa mtoto aliyembeba mgongoni. Na Njeri alikuwa amelelewa kwamba mke hamwumbui mumewe mbele ya wageni. Akanyamaza. Loo, heshima gani hii inayoua!

Walipofika nyumbani Titus alisema, "Usimsumbue kijana. Nikipona nitamwambia mwenyewe." Madaktari walitafuta mtu baki kwenye orodha ya wanaojitolea, lakini watu weusi walioandikishwa ni wachache, na wa kumfaa hakupatikana. Kibet aliambiwa ni presha, baadaye ni moyo. Alimzika kaka yake akijua ni moyo, na Njeri alikuwa amesimama pale pale kaburini.

Sasa Emma, binti yao, alikuwa ametengeneza ukurasa wa michango mtandaoni: picha ya baba, jina la ugonjwa, kila kitu. "Mama," alisema kwa Kiingereza chake, kwani Kiswahili anakisikia tu, "baba mdogo atauona ukurasa huu. Mwambie wewe kabla sijaufungua." Emma hakujua habari ya "sina". Njeri aliogopa. Katika ukoo mzima wa mumewe, Kibet ndiye pekee aliyekuwa bado anampigia simu.

Jumamosi hiyo alimaliza maili kumi na nne, akakaa kwenye benchi, akapiga.

"Shemeji!" Kibet akaitikia kwa furaha; habari za mbio alikuwa nazo, za sababu yake hakuwa nazo. "Mguu bado uko, ama tukutafutie wa mbao?"

Njeri hakuweza kucheka. Alimwambia yote, ugonjwa, daktari, lile "sina". Hakujificha nyuma ya marehemu. "Nilikuwa nimekaa karibu naye, Kibet. Ningetaja jina lako tu. Sikulitaja. Huenda ungefaa, huenda usingefaa. Sasa hatutajua kamwe."

Kibet akauliza taratibu, "Ulikuwa mwezi gani?"

"Machi."

"Aprili nilimpigia," Kibet akasema. "Nilikuwa nimepata pasipoti. Nikamwambia kaka, nataka kuja nikuone, nauli ninayo. Akaniambia nisije, eti nyumba imejaa wageni."

Njeri akaziba mdomo kwa mkono. Mwaka ule hakuna mgeni aliyelala nyumbani mwao, hata mmoja.

"Nilidhani ananionea aibu, shemeji. Mwalimu wa kijijini, atamweka wapi Landani. Nikakasirika. Sikumpigia tena mpaka Septemba, na Septemba mkaniambia ni presha, amelala. Miezi mitano nilimnunia mtu anayekufa!"

"Nisamehe, Kibet. Tafadhali."

"Leo siwezi. Leo niache nimlilie upya. Nilimlilia vibaya."

Njeri alingoja akate simu. Hakukata. Naye hakukata. Wakalia hivyo, huyu Eldoret, huyu Barking, bila neno jingine, hadi simu ya Njeri ikaisha chaji.