Kombi ya Mafundi Wawili

Kiwanda kilipotupunguza kazini, mimi na mume wangu Deo tuliamua kuhamia ndani ya kombi. Mimi ningeshona, yeye angetengeneza redio, nasi tungefuata minada ya kando ya ziwa na kulala humo humo. Nilikubali kwa sharti moja: tukishindwana kabla ya Kisesa, nashuka kwa mama na kubaki huko.

Asubuhi tuliondoka Butimba. Deo alikuwa ameng'oa viti na kupigilia meza moja pana katikati, eti mke na mume wafanye kazi wakitazamana. Nilimpenda kwa wazo hilo.

Igoma tulisimama, wateja wakaja, na meza ikatuumbua. Kila nilipozungusha cherehani, meza ilitikisika, skrubu za redio zikabiringika chini. Deo aliinama kuzitafuta, akainuka, akachukua mkasi wangu bila kuuliza na kukatia waya.

"Huo ni wa kitambaa," nikamwambia.

"Na wewe punguza fujo," akajibu.

Tuliendelea na safari tumenuniana. Niliogopa, maana sikutaka kumwacha.

Saa saba mchana tulifika Kisesa. Mama, ambaye nilikwisha kumpelekea habari za sharti langu, alikuja na gauni la kupunguza. Deo alimwamkia kwa mbali, akashuka upesi na redio yake, kwa kuwa kwetu Wasukuma mtu hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Akakaa nje juu ya ndoo.

"Chumba chako nimeshakifagia," mama akaniambia kwa sauti ya chini.

Mara mvua ikaanza. Mama akachungulia dirishani.

"Ataloa huyo. Funga khanga hapo katikati, aingilie mlango wa nyuma."

Nikafunga. Deo akaingia upande wa pili, akalaza ubao juu ya magoti na kuanza upya. Mimi nilizungusha cherehani kwa nguvu zangu zote, na skrubu zake zikatulia. Hakuna aliyemwona mwenzake. Baada ya muda nikamsikia akiimba chini chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tulipoachishwa kazi. Alikuwa amesahau kama mama yupo.

"Mwambie mkwe wangu ana sauti nzuri," mama akasema.

Wimbo ukakatika.

"Mama anasema una sauti nzuri," nikamfikishia, ingawa alikuwa amesikia kila neno.

"Mwambie mama nashukuru."

Mvua ilipokwisha, redio nayo ilikuwa inazungumza. Mama akakunja gauni lake, akasimama mlangoni.

"Mwambie pia, kile chumba nitawekea mahindi."

Machozi yalinitoka, wala sikuona haya.

Jioni hiyo Deo aliikata meza vipande viwili kwa msumeno. Tulizunguka minada hadi Magu, kisha tukarudi Butimba kusalimia. Majirani walicheka kuona mtu na mkewe wamewekeana pazia. Mimi nilikuwa nimejifunza kwamba kupendana hakukututosha kufanya kazi mahali padogo vile. Kila mmoja alihitaji upande wa kumkaribisha mwenzake.

Siku hizi nikiwa nashona, husikia sauti nyuma ya khanga: "Hodi. Naomba mkasi."

Humwacha asubiri kidogo, halafu namwambia karibu.