Uzi wa Kutoka Nairobi Hadi London

Kaka yangu alipotoka nyumbani Ijumaa kwenda Uingereza kusomea udaktari, kukhu, yaani nyanya yetu, alichukua ufagio akauficha nyuma ya kiti chake. Kwetu nyumba haifagiliwi mpaka msafiri afike. Ukifagia mapema unafuta nyayo zake, anapotea njiani. Mtu akienda Kisumu tunangojanga hadi jioni tu. Lakini hakuna wa kwetu aliyewahi kupanda ndege, kwa hiyo hakuna aliyejua tukae na uchafu mpaka lini.

Jumapili asubuhi mama alikuwa karibu kulia. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja baada ya ibada kumwombea kaka, na sakafuni kulijaa manyoya ya kuku tuliyemchinja kumuaga kaka, maganda ya njugu na matope ya viatu vya majirani wote.

"Mama, niruhusu nifagie hata hapa mlangoni," alimwambia kukhu.

"Telegramu imekuja?"

"Leo posta imefungwa."

"Basi mtoto bado yuko angani."

Mimi siongeangi sana. Hata darasani nikijua jibu, naliandika pembeni mwa daftari na kulifunika kwa mkono. Lakini jambo hili nililijua kuliko mtu yeyote pale ndani. Alhamisi nilibaki darasani peke yangu na tufe la dunia, nikavuta uzi kutoka Nairobi hadi London, kisha nikaupima kwenye ikweta. Digrii sitini na moja hivi. Kila digrii ni maili sitini na tisa, kwa hiyo ni kama maili elfu nne na mia mbili. Ndege ya jeti hukimbia maili mia tano kwa saa moja.

"Kukhu, amefika," nilisema. "Ni mwendo wa saa nane na nusu, na aliruka jana asubuhi."

Kukhu alicheka. "Saa nane! Basi la Nairobi linamaliza siku nzima, na Nairobi ni hapa tu. Hiyo ndege haisimami? Watu hawakojoi?"

"Wanakojolea humo humo. Lakini mwalimu anasema hutua mara mbili kutiwa mafuta. Ongeza saa nne."

"Na ikichelewa?"

"Ongeza nne zingine. Bado amefika kabla jogoo wetu hajawika."

Alinitazama sana, akatoa ufagio. Mama akanyoosha mkono, lakini kukhu akanipa mimi.

"Fagia wewe. Kama yuko njiani, ni wewe umemfutia njia. Utamjibu mama yako."

Hapo mama akasahau wageni kabisa. "Una hakika?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Nikapitia tena kichwani: uzi, digrii, maili, mafuta. Jibu likawa lile lile.

"Nina hakika, mama."

Nikaanzia chumbani mwa kaka, chini ya kitanda chake, nikafagia mpaka nje uani.

Wageni waliingia vumbi likiwa bado hewani. Mmoja akauliza kama tumepata telegramu.

"Ya nini?" kukhu akamjibu. "Mtoto alifika London usiku. Ilibidi watue mara mbili, ndiyo maana wakakawia. Kaeni, kaeni."