Yule Daktari wa Maji ya Chumvi

Wasomaji wa Mpanda mliolea watoto miaka ya tisini mtamkumbuka: daktari wetu wa wodi ya watoto alifariki wiki iliyopita, akazikwa kwao Ufipa. Sikuwa rafiki yake. Nilimfahamu kwa siku chache tu, mwanangu wa kwanza alipokuwa na miezi minne, kifua kikambana hata akashindwa kunyonya. Kila alipovuta pumzi, mbavu zilibonyea ndani. Mama yangu mzazi, aliyekuwa ametoka kijijini Mamba kuja kumsaidia mke wangu kulea, ndiye aliyembeba mpaka hospitalini.

Daktari alimsikiliza kifua, akamwekea oksijeni, kisha akaleta kimashine kilichonguruma na kutoa ukungu mwembamba, akamsogezea puani. Mama akauliza ni dawa gani ile. "Maji ya chumvi, mama. Yanalainisha makohozi." Mama akamkazia macho. "Mwanangu, nimeacha mpunga shambani, mjukuu wangu anakufa, nawe unampa chumvi? Mchome sindano!" Hata mimi niliitaka hiyo sindano. Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Mama, vijia vya hewa vimevimba kwa virusi. Sindano ninayo, ila haitaugusa ugonjwa huu. Hata haya maji sina uhakika nayo sana. Tumsafishe pua, mama yake akamue maziwa tumnyweshe kidogo kidogo, tumwangalie."

Tulimwangalia, kwa hofu. Siku chache baadaye mtoto alinyonya mpaka akasinzia. Mama akaanza kuisifu mashine, daktari akamkatiza: "Huenda imesaidia, huenda kifua kimefunguka chenyewe. Sijui, mama." Nilidhani mama atamdharau kwa jibu hilo. Kumbe msimu uliofuata, mjukuu wa jirani yake alipobanwa kifua kule Mamba, aliwahimiza: "Mpelekeni mjini, kwa yule anayesema sijui. Huyo akiwaambia mtoto atapona, nyie laleni."

Siku hizi tunarudi kutoka duka la dawa na mfuko wa vidonge kwa mafua tu, na asiyetupa kitu tunamwona hajui kazi. Yeye angeweza kuchoma sindano ile, tukaridhika, na mtoto alipopona akasifiwa. Badala yake alikaa chini akamweleza ukweli mwanamke aliyejaa hofu na hasira. Fundi yeyote, wa miili au wa baiskeli, akiweza kutamka mahali ujuzi wake unapoishia, hapo ndipo tunapopata sababu ya kumwamini kwa yaliyobaki.